Vumbi la Kaskazini

Habari ya vumbi ilimkuta Husna na hina mbichi. Alikuwa ameketi mkekani chumbani kwa mamake, Msambweni, mikono ameilaza juu ya mito miwili, na fundi wa hina ameinama kwenye mguu wake wa kulia akimalizia ua la mwisho kwa piko, ile rangi nyeusi. Harusi ilikuwa Ijumaa, kesho kutwa. Kwa mila ya nyumba ile bi harusi hakutoka nje hata kuanika leso, na Husna alikuwa ameanza kuchoka kuwa pambo.

Joan, rafiki yake, ndiye aliyemshikia simu, maana mwenyewe hakuweza kugusa kitu. Joan alikuwa mtu wa bara, wa Vihiga, aliyekuja kufundisha kemia katika shule ya wasichana ambako Husna alifundisha fizikia. Alisema atakaa mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa tano.

"Aki Husna, skiza hii kitu," alisema. "Imejaa kwa magrupu zote."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu anayepumua karibu mno na simu.

"Assalaam aleikum ndugu zangu wa Pwani. Kinu cha nyuklia kule kaskazini kimepigwa kombora. Vumbi lake la sumu liko njiani. Ijumaa litakuwa juu ya bahari yetu, na mvua italiteremsha. Msitoke nyumbani. Zibeni madirisha. Na kila mtu anywe maji ya chumvi asubuhi na jioni, kwa sababu chumvi ya dukani ina iodini. Hakuna shaka katika hili."

Habari ya kinu ilikuwa ya kweli. Redio ilikuwa imeitangaza tangu asubuhi: vita vya watu wengine, katika nchi ya mbali, kinu kimepigwa, moshi unafuka, wakazi wa karibu wanahamishwa. Yaliyobaki, ya Ijumaa na chumvi, redio haikuwa imeyasema.

"Mtu asiye na shaka na vumbi," alisema Husna, "ni mtu ambaye hajawahi kufagia."

Fundi wa hina alicheka, ua likapinda kidogo. Bado alikuwa akilinyoosha simu ilipoita. Alikuwa Alamin, bwana harusi. Alamin alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja Galu, lakini wiki hiyo alikuwa amerudi kwao kisiwani Wasini kujitayarisha.

"Husna," alisema, "mjomba ameahirisha."

"Ameahirisha nini?"

"Sisi."

Mjomba huyo aliitwa Mbwana. Ndiye aliyemlea Alamin tangu mamake alipofariki, na alikuwa na mkahawa pale kisiwani ambako watalii walikwenda kula kaa. Alikuwa mtu mwema, lakini mwoga wa kupindukia. Penye haja ya kamba moja alifunga mbili. Mtalii akikohoa alimletea maji kabla hajamaliza kukohoa. Aliposikia ile sauti ya simuni alifunga mkahawa, akapigilia karatasi za nailoni kwenye madirisha, akawaambia jamaa zake wote wasivuke kwenda bara mpaka vumbi lipite. Na Wasini, Mbwana akikaa ndani, nusu ya kisiwa hukaa ndani.

"Anasema tungoje wiki mbili," Alamin alisema kwa aibu. "Nimemweleza mpaka nimechoka. Nikimwacha nikaja peke yangu, nitakuwa nimeoa na kufiwa na mjomba siku moja."

"Mpe simu. Ya picha."

Hapo Biasha, mamake Husna, aliyekuwa mlangoni akisikiliza kila neno, aliingia mzima mzima. "Wewe! Bi harusi azungumze na mkwewe kabla ya nikahi? Watu watasemaje?"

"Mama, nisipozungumza naye, nikahi yenyewe haipo."

Biasha aliwatazama mbuzi waliofungwa uani wakisubiri karamu. Akamtazama bintiye.

"Tena nakuhitaji wewe upepete," Husna akaongeza. "Juu ya paa."

"Hutoki nje!"

"Paa si nje, mama. Ni ndani, upande wa juu."

Walipanda ngazi, Husna akitembea kwa visigino ili hina isiharibike, Joan akimshika kiuno kwa nyuma kama anayemfundisha mtoto baiskeli. Paa la nyumba ile lilikuwa la zege, na huko Mzee Jaafar, babake Husna, alikuwa ameanika mavuno yake ya mrangi. Watu wa Kwale wanaujua: mmea wa vitumba vyenye miba, na ndani yake mbegu nyekundu zinazouzwa kutia rangi kwenye vyakula. Ukizishika mbegu zile zilizokauka, vidole huwa vyekundu mpaka jioni.

Uso wa Mbwana ulijitokeza kwenye simu, nailoni ikimetameta nyuma yake. Alionekana kama mtu aliyefungiwa ndani ya mfuko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Mjomba, najua una wasiwasi. Nakuomba utazame kitu kimoja tu, kisha uamue mwenyewe. Mama, pepeta."

Biasha alikuwa amepepeta mchele tangu utotoni, na ungo ulipoingia mikononi mwake alisahau hasira. Alisimama ukingoni mwa paa, akarusha mbegu juu, akazidaka, akazirusha tena. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Mbegu zilizomponyoka ziliangukia chini ya ukuta, pap, pap. Maganda yalifika kwenye ua. Ila vumbi lenyewe, lile jepesi jekundu, lilichukuliwa kama moshi wa udi, likavuka ua na kwenda zake upande wa bara.

"Unaona, mjomba? Kitu ni kimoja, ungo ni mmoja. Kizito kimeanguka hapahapa. Chepesi kimekwenda mbali. Na kinu kikiungua ni vivyo hivyo. Wanaokaa karibu nacho ndio wenye balaa, Mungu awasaidie, kwa sababu kile kizito kinawaangukia wao. Kinachosafiri ni kile chepesi, na kadiri kinavyosafiri ndivyo kinavyotawanyika."

"Na kinasafiri mpaka wapi?"

"Inategemea kimerushwa juu kiasi gani. Mama akipepeta akiwa amechuchumaa chini, vumbi halivuki ua. Bomu kubwa hulirusha juu kupita mawingu, na likifika huko linaweza kuzunguka dunia. Moto wa kinu haulirushi juu hivyo. Halafu inategemea upepo. Tazama upande wa baharini, kwa jirani zetu kina Fondo. Joan, mwonyeshe."

Joan aligeuza simu. Nyumba ya Fondo ilikuwa karibu zaidi kuliko zote, nayo ilikuwa safi, hata paka mweupe aliyelala barazani hakuwa na doa.

"Hawa wako hatua chache kutoka kwenye ungo, na hawakupata kitu, kwa kuwa upepo hauendi kwao. Na sisi huku, miezi hii, upepo wetu unatoka kusini. Hilo vumbi la kaskazini likija litakuwa kama linapanda mlima."

Mbwana alikuna kidevu. Alamin, aliyechungulia nyuma ya bega lake, alianza kutabasamu. Na hapo ndipo Hafsa, jirani wa upande wa bara, alipopiga ukelele.

"Biasha! Biasha weee! Kanzu za watu!"

Joan, kwa haraka, alielekeza simu huko. Kwenye kamba ya Hafsa kulikuwa na kanzu mbili nyeupe, moja ya mumewe na moja ya shemeji yake, zilizofuliwa kwa ajili ya harusi hiyohiyo. Ile ya karibu ilikuwa imekauka, na Hafsa alipoikung'uta vumbi lilitoka lote. Ile ya mbali ilikuwa imetoka kwenye beseni wakati uleule, bado inadondosha maji, na kifua chake kizima kilikuwa na madoa mekundu kama mtu aliyekula embe bila adabu.

"Hafsa, nisamehe, dadangu!" Biasha aliita kutoka juu. "Nitaifua mwenyewe!"

"Mnafanya nini huko?"

"Tunafundisha!"

Husna alikuwa anacheka, lakini Mbwana hakucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu na simu.

"Ngoja, mwanangu. Ya karibu imesalimika, ya mbali imechafuka. Kwa nini?"

"Kwa sababu ile ya mbali imelowa. Maji yanalishika vumbi."

"Na mvua je? Mvua nayo inalishika?"

Husna alijua swali lile linakokwenda. Joan pia alijua, akamkanyaga kidogo, ila akakumbuka hina akaondoa mguu. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Kule chini mbuzi walikuwa wakilia, na ndani gauni lilikuwa limeshapigwa pasi.

"Ndiyo, mjomba," Husna alisema. "Inalishika na kuliteremsha. Mwaka wa themanini na sita, kinu cha Chernobyl kilipolipuka, kuna nchi za mbali sana zilizopata vumbi jingi kuliko nyingine zilizokuwa karibu, kwa sababu wingu lilipopita juu yao mvua ilikuwa inanyesha. Kuna wafugaji wa huko Uingereza waliozuiwa kuuza kondoo kwa miaka."

"Na huku kwetu kunanyesha."

"Kunanyesha. Lakini mvua haiumbi vumbi, mjomba, inateremsha lililopo juu yake. Kama huko juu hamna kitu, mvua ni maji."

"Nani amepanda juu akaangalia?"

Husna alivuta pumzi. "Mimi sijapanda."

"Basi tungoje," Mbwana akasema kwa upole. "Ahsante kwa kunieleza, mwanangu. Umeeleza vizuri sana." Na simu ikakatika.

Biasha aliweka ungo chini. "Umeeleza vizuri sana," aliigiza. "Kwani ungemwambia hapana ungepungukiwa na nini?"

"Ingekuwa uongo, mama."

"Uongo wa harusi!"

Husna aliteremka ngazi kwa visigino, akarudi mkekani, na alipofika machozi yalimtoka. Hakuweza kuyapangusa kwa ile mikono yake, ikabidi Joan ayapanguse kwa leso, huku naye akisema kwamba angesema hapana bila hata kufikiri, kisha akaketi pembeni na simu yake kuanza kutafuta mtu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, mvua ilikuwa inamwagika Alamin alipopiga simu tena. Safari hii hakuwa na aibu, alikuwa na hofu.

"Mjomba ameanguka. Tumemvusha mpaka Shimoni, sasa tuko kwenye gari tunakuja hospitali huko kwenu. Husna, alikuwa akinywa chumvi. Mimi sikujua. Kumbe tangu jana anakoroga kikombe kizima, asubuhi na jioni na katikati, na presha yake mnaijua."

Husna alisimama. Mamake alikuwa anafungua kinywa.

"Mama, usiseme chochote."

"Nilikuwa nasema uvae soksi," Biasha alisema. "Hina itaharibika kwa mvua."

Walikwenda watatu, yeye na mamake na Joan, Husna ndani ya buibui na nikabu, soksi miguuni na glavu za jikoni mikononi. Walimkuta Alamin ukumbini amelowa chapachapa. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana tangu bi harusi awekwe ndani, na kwa kuwa yeye aliona macho tu, na glavu za rangi ya waridi, ilimchukua muda kumtambua. Alipomtambua alikaa tu chini kwenye benchi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Daktari wa zamu, msichana mmoja mwenye sauti kavu aliyeitwa Beryl, aliwaambia mgonjwa yuko sawa, presha imeanza kushuka, atalala hapo usiku mmoja waendelee kumtazama.

"Na si wa kwanza," aliongeza. "Tangu asubuhi napokea watu wa chumvi. Wa vumbi bado sijampata hata mmoja."

Mbwana alikuwa amelala kitandani na mrija wa dawa mkononi, uso umechoka, nywele zake nyeupe zikiwa bado na maji ya mvua. Alimwona Husna akajaribu kuinuka.

"Lala, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, hii chumvi haina iodini? Pakiti imeandikwa."

"Inayo, lakini chembe tu. Vinu vikivuja hutoka iodini mbaya, nayo hupenda kukaa hapa shingoni, kwenye tezi. Ndiyo maana walio karibu hupewa vidonge na madaktari, tezi ishibe iodini nzuri kwanza. Ili upate kiasi hicho kwa chumvi ungekula kilo na kilo. Ungetangulia wewe kabla ya vumbi. Na hata hiyo iodini mbaya haikai, kila baada ya siku nane hivi inabaki nusu. Safari ndefu inaipunguza njiani."

Mbwana alifumba macho. Husna akadhani amelala, lakini alikuwa anafikiri.

"Unajua niliogopa nini?" alisema. "Si mimi. Mimi nimeshakula kaa wangu. Dada yangu aliniachia mtoto mmoja, akaniambia, Mbwana, mtazame. Basi nimekuwa nikitazama. Nikisikia upepo namtazama, nikisikia homa namtazama. Leo amenibeba mgongoni mpaka kwenye boti, mvua inampiga kichwani, na mimi nalia nikimwambia nirudishe ndani, utadhurika. Akaniambia, mjomba, nyamaza, sasa natazama mimi."

Alamin, mlangoni, aligeuka akatazama ukuta.

Joan alikuwa ameingia taratibu, simu mkononi. "Samahani, mzee. Niko na kitu. Kuna jamaa tulisoma na yeye campus, anaitwa Hesbon. Siku hizi kazi yake ni kupima mionzi, hapo Nairobi. Nimemtafuta tangu jana, sasa ndiyo amejibu. Anasema mashine zao zinanusa hewa kila siku, hata kitu kidogo sana zinashika, na hakuna kitu. Wenzao wa nchi za jirani pia, hakuna kitu. Anasema hata kikikuja baadaye kitakuwa kidogo, ni mashine tu itajua."

"Huyo ndiye aliyepanda juu akaangalia?" Mbwana akauliza.

"Eeh, ni kama huyo."

Mzee alimgeukia Husna. "Yule wa kwenye simu alisema hakuna shaka. Vumbi hakuna shaka, Ijumaa hakuna shaka, chumvi hakuna shaka. Na chumvi yake imenilaza hapa. Wewe nilikuuliza, ukaniambia sijapanda. Ulikuwa na harusi mlangoni na bado ukaniambia sijapanda. Niliwaza jambo hilo kutwa nzima. Maneno yako nitayachukua, na ya huyo kijana wa Nairobi. Alamin! Nipe simu yangu."

Alirekodi ujumbe akiwa amelala hivyohivyo. Alianza kwa salamu kwa wazee wote wa Wasini mmoja mmoja, kisha akina mama, kisha watu wa Mkwiro, kijiji cha pili cha kisiwa, kisha akawataka radhi wote, akaeleza habari ya mbegu nzito na vumbi jepesi, ya juu na chini, ya kusi, ya kanzu iliyolowa, akakosea hapa na pale, Husna akimrekebisha kwa kunong'ona. Alimaliza kwa kuwataka waache chumvi mara moja, na kuwaambia kwamba wasipoonekana Msambweni kesho baada ya sala ya Ijumaa, yeye mwenyewe atakwenda na mrija wake mkononi kuwafuata. Ujumbe ulikuwa mrefu kiasi kwamba muuguzi alikuja mara mbili kuuliza kama mgonjwa anazungumza na mtu au amechanganyikiwa.

Walikuja. Ijumaa kulinyesha tangu alfajiri, mvua kubwa ya kushtukiza, jua likichungulia na kujificha, na watu wa Wasini walishuka kwenye gari wakiwa wamelowa, wanawake wakiwa wameshika viatu mkononi na kuimba. Nikahi ilifungwa msikitini, Mbwana akiwa kwenye kiti mstari wa mbele. Mzee Jaafar, ambaye siku mbili nzima hakusema neno ila kuuliza ni nani aliyemmwagia mrangi wake, aliozesha kwa sauti thabiti kuliko alivyotarajiwa.

Kisha wakamleta bwana harusi nyumbani kumpa mkono mkewe. Chumba kilikuwa kimejaa akina mama, vigelegele na harufu ya asumini, na Hafsa akiwa mbele kabisa. Alamin aliingia akidondosha maji kutoka kwenye kofia. Husna alimnyooshea mkono, hina imekolea mpaka ikawa karibu na weusi, na Alamin akaushika akasahau kuuachia.

"Umelowa," Husna alimwambia polepole.

"Nimelowa," Alamin akakubali, na akina mama wakapiga vigelegele tena kana kwamba amesema jambo kubwa.